Starehe na Nafasi Juu ya Maji

Miongoni mwa maswali aulizwayo mtu anapofunga mzigo wake, hapana lililo jepesi kwa sikio na zito kwa jibu kama hili: "Mnakwenda kufanya nini?" Katika nchi yetu safari hutakiwa kuwa na sababu. Aendaye kuzika hujibu kwa neno moja, akaachiwa njia. Aendaye kuoa, kuuguza, kudai deni, kuuza ndizi au kununua dagaa, naye ana jibu lake. Lakini mume na mke wenye afya, waliowaacha watoto kwa bibi yao, wakachukua sanduku moja dogo, wasioitwa na msiba wala harusi, wasemao ya kuwa wanapanda meli ya Mwanza kwenda Bukoba na kurudi kwa sababu wanapenda kupanda meli, hao hutazamwa kwa jicho la mashaka. Jirani hucheka, ndugu hunyamaza, na aliye mkubwa huuliza mara ya pili, kwa upole, kana kwamba hakusikia vema: "Lakini kwa nani hasa?"

Nataka kulichunguza swali hilo bila ya kuwacheka waulizao, maana wana haki ya kuuliza. Ndani ya swali lao yamo maswali matatu. La kwanza: je, starehe ni sababu ya kutosha ya kutumia mali na siku? La pili: je, ni adabu mtu kustarehe katika chombo kilichojaa watu wenye haja, juu ya maji ambayo yamekwisha kuwazika wenzetu wengi? La tatu: ikiwa starehe hiyo ni halali, yamdai nini aliyeipata? Yumkini msomaji atasema ya kuwa maswali haya ni makubwa kuliko safari ya usiku mmoja. Jibu langu ni kwamba safari ndogo ni kipimo kizuri. Mtu akipimwa kwa jambo kubwa hujiandaa. Akipimwa kwa jambo dogo huonekana alivyo.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na desturi ya kazi yangu ni kuanza na maneno. Neno starehe limetujia kutoka katika Kiarabu, na asili yake ni kupumzika. Waungwana wa pwani wana matumizi yake moja yafaayo kukumbukwa. Mgeni aingiapo, na aliyeketi akataka kuinuka kwa heshima, mgeni humwambia, "Starehe!" yaani, kaa, usijisumbue kwa ajili yangu. Hapo starehe si vinywaji wala ngoma wala kutapanya fedha. Ni zawadi ambayo mtu mmoja humpa mwingine. Ni ruhusa ya kutosumbuka. Neno letu jingine, mapumziko, limezaliwa na pumzi. Apumzikaye hakuacha kazi tu, bali amerudishiwa pumzi ambayo kazi ilikuwa imeichukua. Na neno kutembea, ambalo watu wa bara na pwani hulitumia kwa maana ya kuwazuru jamaa, latuonyesha ya kuwa wazee wetu hawakukataza safari isiyo na biashara wala msiba. Walitaka tu iwe na mtu mwishoni mwake.

Ukitaka ushahidi wa jambo hilo katika nchi hii ya ziwa, mfungue Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Hadithi yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Mume na mke wa hadithi hiyo hutenganishwa kwa kuwa hawajajaliwa mtoto. Wazazi wa mke humchukua binti yao, naye mume hana budi kufunga safari kwenda ukweni kumwomba arudishiwe. Katika kitabu hicho watu hutembea sana, lakini njia zao huishia milangoni pa watu. Husafiri kupatana, kuuguzana, kufurahiana. Safari ni mshono wa jamii. Na asafiriye bila ya kumwendea mtu hufanana na sindano ipitayo katika nguo bila ya uzi.

Hoja hiyo ni nzuri, wala sitaki kuivunja. Walakini yafaa tuulize kama mume na mke hao wawili wa leo, wenye sanduku moja dogo, kweli hawaendi kwa mtu. Tufikiri jinsi ndoa inavyoishi katika mji. Katika miaka ya kwanza mume na mke huzungumza. Katika miaka ya kumi huarifiana. Ada ya shule imekwisha kulipwa? Maji yamekatika. Fundi amekuja, hakumaliza. Mjomba anaumwa, tupeleke kiasi gani? Maneno haya yote ni ya wema, na nyumba isiyokuwa nayo haisimami. Lakini taratibu nyumba hugeuka ofisi, na wapendanao wawili huwa makarani wake. Kila mmoja humjua mwenziwe kwa kazi azifanyazo, akasahau kumjua kwa sura. Basi naweza kusema ya kuwa wenye ndoa wanaosafiri pasipo sababu huenda kwa mtu, tena mtu wa karibu sana, ila njia ya kumfikia imeota nyasi. Mume huenda kwa mke, na mke kwa mume. Kama Myombekere alivyovuka pori kumfuata mkewe ukweni, ndivyo mtu wa leo awezavyo kuvuka maji kumfuata mkewe aliye kando yake.

Hili ndilo jibu la swali la kwanza, nalo lina mpaka. Starehe ni sababu ya kutosha pale irudishapo pumzi na kumrudisha mtu kwa mwenziwe. Haitoshi pale inunuliwapo kwa fedha ya dawa ya mgonjwa au kwa deni litakalolipwa na watoto. Mizani yake ni kiasi, na mshika mizani ni dhamiri ya aliyekata tiketi.

Miaka michache iliyopita mimi na mke wangu tulifanya safari ya namna hiyo, nami nitaeleza kidogo yale niliyoyaona, maana fikira isiyokanyaga mahali huteleza. Siku ya safari ni siku ya ajabu katika ndoa. Tangu asubuhi tulisemezana kwa amri: gesi umefunga, ufunguo umempa nani, dawa ya kifua ya mtoto amekabidhiwa bibi, vitambulisho viko wapi. Laiti mtu angalitusikia angalidhani tunahamisha jeshi. Jua lilipokaribia kuchwa tulikuwa bandarini, katika mstari wa watu na mizigo: magodoro yaliyokunjwa, ndoo zilizofungwa kanga, mabati, vitanda vya chuma, makreti matupu yaliyokuwa yakirudi kufuata ndizi za Kagera. Wapagazi walipita mbio wakisema, "Njia! Njia!" Katika umati ule sisi tu ndio tuliokuwa na mikono mitupu, nami niliona mke wangu akikificha kimkoba chake nyuma ya mgongo kama mtu aliyeingia karamuni bila ya mwaliko.

Meli yenyewe ina umri mkubwa kuliko wengi wa abiria wake. Victoria iliundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojitawala. Ilifanya kazi zaidi ya miaka hamsini, ikasimama kwa ubovu, ikafanyiwa matengenezo makubwa, ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa imeongezewa jina jipya na kupewa nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Nilipoishika mbao ya reli yake nilikumbuka ya kuwa vyombo vya moshi vya kwanza vya ziwa hili navyo viliundwa ng'ambo na kuletwa kwa vipande. Meli iitwayo William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, sehemu zake zilichukuliwa na wapagazi katika nchi kavu kabla reli haijafika ziwani. Miaka saba baadaye Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alivuka ziwa hili kwa meli, akaandika kitabu cha safari yake, kikatoka mwaka 1908. Jina la msafiri huyo lajulikana duniani kote. Majina ya wapagazi hayajulikani. Naomba msomaji aliweke jambo hilo kando kidogo, tutalirudia.

Meli iling'oa nanga usiku. Taa za Mwanza zilipanda vilimani katikati ya majabali, kisha zikashuka, kisha zikawa mstari mmoja mwembamba upande wa Kirumba na Bwiru. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, na dirisha la duara. Hapakuwa na kazi ya kufanya. Ndipo nilipofahamu faida ya chombo kuliko hoteli: hotelini mtu anaweza kutoka, akakumbuka jambo, akarudi nyumbani, majini hawezi. Mlango wa ofisi umefungwa na maji yenyewe. Tulisimama sitahani mpaka baridi ikatushika. Mke wangu alinisimulia jambo la utoto wake ambalo katika miaka kumi na sita ya ndoa sikupata kulisikia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo. Akajibu, "Hukuwa na nafasi, Baba, wala mimi sikuwa nayo."

Mbele yetu, gizani, palikuwa na mji mwingine wa taa. Mamia ya taa yalielea juu ya maji mpaka upeo wa macho. Walikuwa wavuvi wa dagaa. Samaki hao hufuata mwanga, na wavuvi huwavua katika siku za giza, mwezi usipokuwapo; zamani kwa karabai, siku hizi kwa taa za jua na betri. Abiria mmoja kando yetu alisema, "Tazama uzuri huo!" Hakukosea, ulikuwa uzuri. Lakini kila taa ilikuwa na mtu chini yake, aliyelowana, asiyelala, na aliyekuwa akiitazama mbingu kwa hofu yenye sababu. Maana tabia ya ziwa hili ni hii: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, usiku nchi hupoa, upepo ukageuka, ukavuma kutoka pande zote kuelekea katikati. Hewa ikikutana huko hupanda, ikawa wingu la radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hili huja usiku wa manane na alfajiri, saa ambazo msafiri yu kitandani na mvuvi yu kazini. Umeme tulioutazama ukicheza mbali kama mapambo ulikuwa, kwa yule aliye chini ya taa, habari ya maisha yake.

Tuliposhuka kutafuta chai tulipita daraja la tatu. Watu walikaa vitini na sakafuni, wengine wameegemea mizigo yao, watoto wamelazwa juu ya magunia. Mama mmoja mtu mzima alisogeza kapu lake ili tupite. Mke wangu akamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Poleni. Mnakwenda kwenye msiba?"

"Hapana, mama. Tunakwenda kutembea tu."

Alitutazama kwa muda. Yeye alikuwa akitoka Bugando, alikokaa wiki tatu akimwuguza mwanawe, na sasa alikuwa akirudi shambani kutafuta fedha za kumrudia. Hakukasirika. Alisema tu, "Basi mmepata nafasi. Nafasi nayo ni mali, wanangu."

Neno hilo lilinikaa moyoni, kwa kuwa ni neno lile lile alilolisema mke wangu kule juu. Nafasi katika Kiswahili ina maana nyingi. Ni mahali pa kukaa: hapana nafasi katika gari. Ni wakati: sina nafasi leo. Ni fursa: alipata nafasi akaitumia. Wajuzi wa lugha hulihusisha neno hili na neno la Kiarabu la pumzi. Basi mahali, wakati, fursa na pumzi vimekaa ndani ya neno moja kama abiria ndani ya chombo kimoja. Mwenye nafasi ni mwenye kupumua. Asiye nayo amebanwa. Na katika ziwa hili watu wamekwisha kufa kwa kukosa nafasi kwa maana zake zote.

Sasa tumefika kwenye swali la pili. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba, ikitoka mji wa Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka kabla ya kufika. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha ya madaraja ya juu ilikuwa na majina 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo hata leo hesabu ya waliokufa hutajwa kwa makadirio: wengine husema 800, wengine karibu na 1,000. Watu walisikika wakigonga ndani ya chombo kilichopinduka. Kikatobolewa ili watolewe, na hewa iliyokuwa imekishikilia ikatoka, kikazama. Wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha Nyerere kilikuwa kikitoka Bugolora katika Ukerewe kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya soko. Kivuko kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, macho ya waliokuwa wakiwapokea jamaa zao yakiona. Walikufa watu 228, wakaokoka 41.

Je, mtu aweza kunywa chai yake na kucheka na mkewe juu ya maji hayo? Wako wasemao hapana. Husema ya kuwa ziwa ni kaburi, na kaburini watu hawachezi. Nawaheshimu wenye kusema hivyo, hasa wale waliofiwa. Lakini tukiifuata hoja hiyo mpaka mwisho wake tutakuta ya kuwa hatuna mahali pa kukanyaga. Barabara zetu zimemwaga damu nyingi, na maharusi hupita juu yake kwa vigelegele. Wafu hawatudai tusicheke. Wanatudai tusisahau kilichowaua. Na kilichowaua sicho furaha ya mtu yeyote. Waliuawa na uzito uliozidi, na hesabu iliyopuuzwa, na haraka ya wenye haja waliojua ya kuwa chombo kimejaa lakini hawakuwa na kingine cha kungoja.

Hapa ndipo naomba turudi kwa wale wapagazi wasio na majina. Katika mwaka 1996, karibu karne nzima baada yao, desturi ilikuwa ile ile: wa juu huandikwa, wa chini huchukuliwa. Daraja ni jambo la kitanda na chakula; mtu aliyelipa zaidi alale pazuri zaidi, sioni dhuluma katika hilo peke yake. Lakini daraja likipenya katika hesabu ya roho, ikawa mmoja ni jina na mwingine ni uzito tu, hapo limevuka mpaka wake. Maji hayajui daraja. Chombo kikiinama, huinama na wote. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hata ukitembea mbele na nyuma ya chombo, ukachagua pa juu penye upepo mzuri, mwisho wako umefungwa na walio chini. Kwa hiyo starehe ya daraja la kwanza iliyojengwa juu ya daraja la tatu lisilohesabiwa ni starehe ya mtu aliyelala juu ya dari bovu. Si uovu tu. Ni upumbavu pia.

Basi swali la tatu: starehe yamdai nini mwenye nayo? Nadhani yamdai mambo mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

La kwanza ni kuona. Msafiri wa starehe yu katika hatari ya kuwafanya watu kuwa mandhari. Taa za wavuvi humpendeza, magunia ya ndizi humpendeza, mama aliyelala juu ya kapu humpendeza kama picha. Lakini kuona kwataka kukamilika. Aonaye taa na aone mtu. Aonaye mtu na amwamkie. Salamu ni kitu kidogo, lakini ndiyo iliyomfanya yule mama atufunulie habari zake, nasi tukafahamu ya kuwa meli tuliyoiita mapumziko yetu ilikuwa daraja lake kati ya kitanda cha mgonjwa na shamba la migomba. Bila ya kujua hilo tungalisafiri katika meli nyingine kabisa, meli ya uwongo.

La pili ni kungoja na kukataa. Fikiri vema juu ya tofauti iliyopo kati ya mwenye haja na mwenye nafasi. Mwenye ndizi hawezi kungoja, maana ndizi zinaiva. Mwenye mgonjwa hawezi kungoja. Aliyekwenda mnadani Bugolora jua likiwa linashuka hawezi kungoja, maana watoto wako Ukara na giza linakuja. Watu hawa wakikuta chombo kimejaa kupita kiasi hupanda, wakajikabidhi kwa Mungu. Kuwalaumu ni rahisi, lakini ni kuwalaumu kwa kutokuwa na kitu ambacho hawakunyimwa kwa kosa lao. Msafiri wa starehe hali yake ni nyingine. Yeye akikosa meli ya leo hapotezi ila starehe. Anaweza kushuka. Anaweza kumwendea nahodha au afisa wa bandari na kusema, kwa adabu na kwa sauti isikikayo, "Sipandi mpaka watu wapungue, na mpaka kila aliyemo ameandikwa." Uwezo huu wa kusema hapana bila ya kuumia ni mali adimu. Aliye nao akautumia kujitafutia kiti kizuri tu ameula peke yake. Akautumia kwa ajili ya wote, hapo starehe yake imerudi kwenye maana yake ya kale: imekuwa neno analomwambia mwingine, kaa, usisumbuke.

Labda mtu atasema: serikali ina wakaguzi, kampuni ina manahodha, kazi hii si ya abiria. Ni kweli kwamba wajibu wa kwanza ni wao, wala hauondoki kwao kwa sababu abiria ana macho. Lakini sheria ya mzigo na hesabu ya watu zilikuwapo mwaka 1996, na zilikuwapo mwaka 2018. Sheria huishi kwa kudaiwa. Ikidaiwa na wenye haja peke yao, watabanwa na haja zao wakanyamaza. Lazima idaiwe pia na wale ambao kunyamaza hakuwapi faida, na kusema hakuwapi hasara. Katika kila chombo hao ni wachache, na aghalabu ndio wale wale walioulizwa na jirani, "Mnakwenda kufanya nini?"

Tena nchi yetu inabadilika, na mabadiliko hayo yanalifanya jambo hili liwe karibu kuliko lilivyokuwa. Mwezi Februari 2023 meli mpya ya Mwanza, yenye urefu wa mita zaidi ya 90 na nafasi ya abiria 1,200, ilishushwa majini. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na watu waliozoea kungoja kivuko kwa saa nyingi sasa hupita ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Haja inahama majini kidogo kidogo na kupanda barabara. Naona siku ambayo wengi watakaopanda meli katika sehemu fulani za ziwa hili watakuwa wapandao kwa kupenda: mume na mke, marafiki, wageni waendao kuona ndege wa Rubondo. Itakuwa siku njema. Lakini visiwa havitajengewa madaraja vyote. Ukara itabaki kisiwa, na Ukerewe itabaki na watu wake. Na wale watakaosalia kwenye vivuko watakuwa wachache, maskini zaidi, na sauti yao ndogo zaidi. Wapandao kwa kupenda watakuwa na meli nzuri. Wapandao kwa lazima huenda wakaachiwa mabaki. Siku hiyo tutaulizwa tena kama starehe yetu ina macho.

Kwa hiyo namjibu mzee aulizaye, "Lakini kwa nani hasa?" Mume na mke wasafirio kwa starehe wamwendee kwanza mwenzi waliyempoteza katika shughuli za nyumba, na safari hiyo ni halali kama safari yoyote iliyopata kufungwa katika nchi ya ziwa. Kisha wawaendee wale walio nao chomboni, wa juu na wa chini, kwa salamu, kwa macho, na inapolazimu kwa kukataa kung'oa nanga mpaka hesabu ya wote imekamilika. Starehe ikifanya hivyo haihitaji udhuru. Asiye na nafasi apewe nafasi. Aliye nayo aijue thamani yake. Na kila aliyepanda aandikwe jina lake, awe amelala kitandani au juu ya gunia, ili akifika ajulikane amefika, na asipofika ajulikane alikuwapo.